Boti Mbili kwenye Mdomo wa Lomami

Mtu akiacha kazi ya jeshi, watu humuuliza alifika cheo gani. Mimi sikufika popote. Nilikaa kwenye kiti kilekile mbele ya mashini ya kushona, na vyeo vilinijia vyenyewe, vimefungwa kwenye gazeti, vikisubiri kushonwa kwenye mabega ya watu wengine. Ninyi mliobaki kwenye atelier, chumba chetu cha kushonea, mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa, kwa sababu mnasema nikisimulia kwa mdomo naruka huku na huku. Haya, nitajaribu kwenda sawasawa kama mshono. Habari za kupandishwa na za mshahara naziacha. Ya kwanza haikunipata, ya pili haikunitosha.

Nilianza muda mfupi kabla ya uhuru. Baba yangu alikuwa fundi wa kanzu hapa Kisangani, na baba yake vilevile. Sisi tuliotokana na watu wa misafara ya zamani ndivyo tulivyo: ukikuta mwanamume wetu hajui kushona, basi anauza nguo alizoshona ndugu yake. Nilijipeleka kwenye lango la kikosi cha mto nikiwa na mkasi wa nyumbani nimeufunga kwa kitambaa. Mkuu wa atelier, Papa Asumani, aliuchukua, akaujaribu kwenye ukucha wake, akanirudishia.

"Hii ni mukasi ya kanzu," alisema. "Kanzu inasamehe. Uniforme haisamehe. Ukikosea bega kidogo tu, mutu anaonekana kama anabeba ndoo."

Papa Asumani alikuwa mtu mfupi mwenye kofia nyeupe, na pini zilikuwa mdomoni mwake tangu asubuhi hadi jioni. Kwa sababu ya pini hizo alijibu kila kitu kwa "mm", na maofisa wote waliamini anakubaliana nao. Alifundisha kwa maneno machache. Mtu wa cheo, mpime akiisha kula; ukimpima na njaa, atarudi kesho na vifungo mkononi. Unene wa tumbo lake usiutaje kwa sauti. Pasi ya makaa ipulizie nje, maana cheche moja kwenye suruali nyeupe hailipiki. Na akiwa amesimama mbele yako mikono juu, anayosema yasikie yote, lakini usijibu. Mtu anayepimwa hujiona yuko peke yake.

Uhuru ulipokuja, maofisa wazungu waliondoka kwa haraka kiasi kwamba wengine walituachia suruali zenye mguu mmoja. Masajini wetu wakawa maofisa, na kila aliyepanda alihitaji galon, yaani ile mistari ya dhahabu ya mabegani. Galon za ghala ziliisha upesi. Papa Asumani akaenda kwenye klabu ya wazungu iliyokuwa imefungwa, akarudi na mapazia ya ukumbi wa dansi, yenye utepe wa dhahabu pembeni. Kwa hiyo mkiona picha za maofisa wa wakati ule wamesimama kwa heshima kubwa, jueni kwamba mabegani wamebeba pazia.

Kikosi chetu kilikuwa na boti mbili za chuma zenye bunduki kubwa mbele. Ya tatu injini yake ilikuwa imekufa, na kuku wa mke wa kolonel walikuwa wanatagia humo. Kwa boti mbili tulikuwa na makomanda wawili, wenye cheo kimoja, waliopandishwa siku moja. Boti moja yenye makomanda wawili ingekuwa heri. Wangepigana, mmoja angeanguka majini, kazi ingeendelea.

Komanda Lifoko alizaliwa kijiji cha wavuvi karibu na Isangi. Kabla ya jeshi alikuwa mshika usukani wa meli za mizigo, na mto aliujua kama mtu anavyojua njia ya choo chake, hata gizani. Alikuwa mnene, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya pili. Komanda Mavungu alitoka huko chini ambako mto unaingia baharini, na alikuwa amepelekwa Ulaya kusoma ubaharia. Mwembamba, msafi, hata chumvi mezani aliiomba kwa kusema iko bâbord au tribord, yaani kushoto au kulia kwa lugha ya meli. Wote wawili walishona kwetu, na kila mmoja alihakikisha haji siku ya mwenzake.

"Fundi Amisi," Lifoko aliniambia nikimpima kifua, "ule mutu ya bahari anajua chumvi tu. Huku kwetu maji haina chumvi. Atafanya nini?"

Mavungu naye, mikono juu: "Alors, fundi, yule ni mutu ya pirogue, ya mutumbwi tu. Ukimupa boti ya mashini, anaanza kutafuta kafi."

Nilisema "mm", ingawa sikuwa na pini.

Ingekuwa ni kuchekana tu, tusingekuwa na neno. Lakini kikosi kizima kiligawanyika. Washika usukani na wale wanaopima kina cha maji kwa fimbo ndefu mbele ya boti walikuwa karibu wote shemeji au binamu za Lifoko. Mafundi wa injini na mtunza mazutu, mafuta ya injini, walikuwa watu wa Mavungu, aliowachagua mwenyewe. Boti zilipotoka kwenda doria, upande mmoja ulijua pa kwenda lakini haukuweza kuwasha injini, na upande wa pili uliweza kuwasha injini lakini haukujua pa kwenda. Kolonel aliyekuwa juu yao aliwaogopa wote wawili. Wakija ofisini kwake kulalamika, alitoka kwa mlango wa nyuma kwenda kuangalia mayai.

Ndipo uasi ukaanza kupanda kuelekea kwetu. Kwanza tuliusikia kama habari ya mbali, kisha kwa majina ya miji tunayoijua, na mwishowe jina lililotajwa lilikuwa Opala.

Hapo nilipoteza usingizi. Mke wangu Régine ni mtoto wa Opala, na alikuwa amekwenda huko kuzaa mtoto wetu wa kwanza kwa mama yake, kama desturi ya kwao inavyotaka. Opala iko juu ya mto Lomami, na Lomami unaingia kwenye mto mkubwa pale Isangi. Kulikuwa na kompani moja ya askari huko, na ndani yake kaporali Augustin, mpiga tarumbeta, jirani yangu wa Kabondo. Kabla ya kupelekwa Opala, Augustin alikuwa akija kukaa mlangoni kwetu wakati wa mvua ili apate joto la pasi. Mara moja alijaribu tarumbeta mpya nyuma ya Papa Asumani bila kumwonya, na tulikaa siku nzima tukihesabu pini tukiogopa moja imemezwa.

Amri ilikuja: boti ziteremke hadi Isangi, zipande Lomami, zichukue askari na raia wa Opala, zirudi nao. Ilikuwa amri fupi na nzuri. Ilisahau kitu kimoja tu, kusema nani ataongoza.

Nilikuwepo siku hiyo kwa sababu nilikuwa napeleka kepi mbili, zile kofia za maofisa. Kolonel alikuwa amekaa, makomanda wamesimama.

"Boti ya Komanda Mavungu inaenda mbele," alisema kolonel.

"Bon," alisema Lifoko. "Basi shemeji zangu wataumwa tumbo."

"Alors, boti ya Komanda Lifoko mbele."

"Mon colonel," alisema Mavungu kwa upole, "mazutu iko kidogo sana. Inatosha boti moja."

Kolonel aliwaangalia, akaniangalia mimi na kepi zangu kana kwamba mimi ndiye mwenye jibu, akasema, "Mutaenda wote wawili, sawasawa, bega kwa bega," akatoka kwa mlango wa nyuma.

Neno hilo "sawasawa" likawa kazi ya atelier. Kila mmoja alikuja kwa siri kutaka alama ya mkuu wa safari. Mimi nilimwambia Papa Asumani kwamba wakikaa hivi Régine atazaa, mtoto atatembea, na boti bado ziko bandarini. Alitoa pini mdomoni, jambo ambalo hakulifanya kwa ajili ya yeyote, akafikiri. Kisha akakata utepe wa pazia. Galon ya Lifoko aliishona pana zaidi. Galon ya Mavungu aliishona ndefu zaidi.

"Mukubwa anaonekana kwa upana," alimwambia Lifoko.

"Mukubwa anaonekana kwa urefu," alimwambia Mavungu.

Kila mmoja alijiangalia kwenye kioo, akamwangalia mwenzake moyoni, akaridhika. Kesho yake injini ziliwaka.

Mimi nilikwenda nao kwa sababu Mavungu alitaka mabaharia wote waingie Opala wamevaa nyeupe, na suruali nyingi zilikuwa hazijakunjwa pindo. Niliomba kazi hiyo kabla haijatolewa. Papa Asumani alinipa sindano, uzi na kikasha cha vifungo. "Rudi na bibi yako," alisema. "Na ukirudi na sindano pia, haitakuwa mubaya."

Sijawahi kuona safari kama ile. Tuliteremka mto bega kwa bega kama bwana na bibi harusi. Boti moja ikipunguza mwendo, ya pili ilipunguza. Moja ikivuta, ya pili ilivuta, moshi mweusi juu. Wavuvi wa Yanonge walituona tumejaza mto, wakakimbiza mitumbwi yao kwenye majani, na mawimbi yetu mawili yalipokutana yalipindua sufuria za akina mama waliokuwa wanaosha vyombo ukingoni. Maneno waliyoturushia yalikuwa ya Kilokele. Shemeji za Lifoko walicheka lakini walikataa kututafsiria. Mimi nilikuwa navushwa kwa mtumbwi kutoka boti hii hadi ile na pindo zangu, na nilikuwa mtu wa pekee aliyekula mezani pa wote wawili. Kwa Lifoko samaki wa liboke, aliyechomwa ndani ya majani, na kwanga ya muhogo. Kwa Mavungu sardini ya kopo kwenye sahani, na kisu, na uma.

Mto mkubwa ni mpana, kwa hiyo hakukuwa na shida. Shida ilikuwa inatungoja Isangi. Ilikuwa wakati maji yameshuka, na kwenye mdomo wa Lomami mchanga ulikuwa umejaa. Njia ya maji yenye kina ilikuwa moja tu, nyembamba, ya boti moja. Na boti moja ikiingia kwanza, ya pili itafuata nyuma.

Tulitia nanga. Shemeji mmoja alipima kwa fimbo yake, akatangaza ukweli huo kwa sauti ambayo boti zote zilisikia.

"Huu mto ni ya nyumbani kwangu," alisema Lifoko. "Babu yangu amezikwa pale, unaona ule mugazi, muti ya mawese? Nitaingia kwa babu yangu nyuma ya mugeni?"

Nilivushwa hadi boti ya pili. "Donc ameweka mbele babu," alisema Mavungu. "Kwenye règlement, sheria ya jeshi, babu haiko. Mukubwa anatangulia. Mwambie aangalie urefu."

Nilirudi. "Upana!" alipiga kelele Lifoko.

Siku zilipita hivyo. Mnadhani nazidisha, lakini nendeni Isangi mkawaulize wazee. Watu walikuja kututazama kama sinema. Akina mama walifungua soko dogo ukingoni, wakauza ndizi za kuchoma na maboke, na mabaharia wa pande zote mbili walinunua pale, wakirudi kila mmoja kwenye boti yake kununa. Mimi sikuwa nacheka. Nilikwenda kwa Lifoko nikamwambia, "Komanda, bibi yangu iko Opala. Iko na mimba." Alinishika bega kwa huruma ya kweli, macho yakamlowa. "Amisi, mutoto wako ni mutoto wangu. Mwambie ule mutu anipishe, tunaondoka sasa hivi." Nilikwenda kwa Mavungu na maneno yaleyale. Akavua kepi. "Fundi, pole sana. C'est grave. Mwambie anifuate tu, tunaondoka saa hii." Wote wawili walikuwa watu wema. Hilo ndilo lililonichosha zaidi. Mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumzika.

Wakati huo ngoma ya mbao ya Isangi, lokole, ilikuwa imekwisha kutuma habari. Mnajua watu wa mto wanavyosemeshana kwa ngoma, kijiji hadi kijiji. Nilimuuliza mpigaji amesema nini. "Nimesema boti mbili za serikali ziko kwenye mdomo, zinakuja," alijibu, na nilifurahi. Nilidhani ni habari njema kwa Régine.

Mwishowe kukapatikana mapatano, na yalitoka kwa Mavungu, aliyesoma Ulaya: kwa kuwa kolonel alisema bega kwa bega, boti ziingie bega kwa bega. Lifoko aliyejua mto kama choo chake alijua vizuri kwamba haiwezekani. Lakini angesema haiwezekani, ingeonekana anaogopa. Alisema, "Twende."

Tulikwenda. Bendera zilipandishwa, watu wa Isangi walipiga vigelegele, injini zilinguruma. Boti ya kushoto ilipanda mchanga wa kushoto, na boti ya kulia ilipanda mchanga wa kulia, kwa pamoja, sawasawa kabisa. Kolonel angefurahi. Mimi nilikuwa nimesimama, nikajikuta nimekaa, na kikasha cha vifungo kilimwagika chote.

"Umenisukuma!" alisema Lifoko.

"Wewe ndiye uliniegemea!"

Walisema hivyo moja kwa moja, mdomo kwa mdomo, bila mimi kati. Nilihesabu hiyo kama maendeleo.

Tulikuwa bado tumekwama hivyo, mabaharia majini hadi kiunoni wakisukuma chuma kisichotaka kusukumwa, mimi kwenye mchanga nikiokota vifungo, nilipoona mitumbwi inateremka kwenye kona ya Lomami. Kwanza miwili, kisha mingi. Ilikuwa imejaa watu, mafurushi, sufuria, mbuzi, wazee, na wanawake ndio waliokuwa wakipiga kafi. Katika mmoja wao nilimwona mke wangu ameshika kafi kwa mikono miwili, na mama yake nyuma yake amepakata kitu kidogo kilichofungwa kwenye kitenge.

Régine aliruka kwenye maji ya magotini, akaja hadi mbele yangu. Alinitazama, akatazama vifungo mkononi mwangu.

"Amisi? Unafanya nini hapa?"

"Tunakuja kuwaokoa," nilisema.

Alitazama boti ya kushoto, akatazama ya kulia. "Bon," alisema. "Tuonyeshe basi mahali ya kukaa, tungojee."

Akakaa kwenye mchanga, akaanza kulia, na mimi nikakaa naye. Mama mkwe alinipa mtoto. Alikuwa msichana, na alikuwa na umri wa siku chache, na alizisikia injini za jeshi letu akapiga chafya.

Kidogokidogo Régine alinieleza. Ngoma ilipofika Opala na kusema boti ziko kwenye mdomo, mji mzima ulicheza. Barabara ya msituni ilikuwa bado wazi siku hiyo, na kapiteni wa kompani alikuwa amekwisha panga kuondoka kwa miguu na watu wote. Akaahirisha. Kwa nini kuwatembeza wanawake wenye mimba msituni, na boti ziko karibu? Alimweka Augustin ukingoni na tarumbeta, apige kila baada ya muda, ili boti zikikaribia zisikie. Augustin alipiga. Kesho yake alipiga, na keshokutwa. Ngoma ilikuwa bado inasema boti ziko kwenye mdomo, na haikusema uongo. Halafu barabara ikafungwa, na risasi zikasikika upande wa misheni.

"Augustin ndiye alitupanga kwa mitumbwi," alisema Régine. "Alisema, 'Bamama, shukeni polepole, mutazikuta boti njiani, muziambie zifanye haraka.' Nilimwambia, Augustin, ingia. Akasema akiingia, mahali yake ni ya watu wawili. Tulipopita kona bado alikuwa anapiga ile tarumbeta."

Nilikwenda kuwaambia makomanda. Sikuwa na pini mdomoni, na siku hiyo sikusema "mm". Niliwaeleza kama nilivyoelezwa, pale kwenye mchanga, wote wawili pamoja. Lifoko alikaa chini. Mavungu aligeuza sikio upande wa juu wa mto, kama mtu anayesikiliza tarumbeta.

"Tupande," alisema. "Lifoko, utangulie."

"Utangulie wewe," alisema Lifoko.

Lakini hakuna aliyeweza kutangulia, maana tulikuwa juu ya mchanga. Waliotutoa ni watu wa Opala wenyewe. Walitua mizigo yao, wakaingia majini pamoja na mabaharia, vikongwe na wote, wakaimba wimbo wa kuvuta mtumbwi, na boti zikatoka, moja, kisha nyingine. Kufikia hapo mitumbwi ya mwisho ilikuwa imeshuka, na waliokuwa ndani walisema hakuna tena wa kumchukua Opala. Tulipakia watu, tukarudi Kisangani. Tulipanda mto, boti moja nyuma ya nyingine. Sikumbuki nani alikuwa mbele, na nadhani hata wao hawakumbuki.

Kolonel alitupokea bandarini na fanfare, bendi ya jeshi. Aliona boti zimejaa watu, akasema ni ushindi mkubwa wa kikosi cha mto, akawaongezea makomanda galon moja kila mmoja. Walizipokea bila kuangaliana. Papa Asumani alizishona sawa, upana na urefu, na hakuna aliyelalamika.

Hawakuzivaa muda mrefu. Waasi waliingia mjini baada ya muda mfupi, wakiwa na silaha nzuri, na watu walisema nyingi kati ya hizo zilitoka kwa wale askari wa Opala waliongoja boti. Asubuhi hiyo risasi zilikuwa zinalia upande wa uwanja wa ndege. Nilikuwa nafunga dirisha la atelier Lifoko alipoingia kwa mlango wa nyuma, amebeba vareuse yake, lile koti la kiofisa, mkononi, na kabla hajasema neno akaingia Mavungu na yake. Wote walitaka galon zifunguliwe, vifungo vya dhahabu vitolewe, viwekwe vya mfupa. Walikaa kwenye benchi moja. Papa Asumani alichukua wembe wa kufumulia.

"Nani wa kwanza?" aliuliza.

"Yeye," alisema Lifoko.

"Hapana, muanze na yeye," alisema Mavungu.

Papa Asumani aliwaangalia, akacheka hadi pini zikamtoka mdomoni zote, na mimi nikacheka, na wao pia wakaanza kucheka, mikono magotini, wakati risasi zinalia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza walicheka jambo moja. Tulifumua vareuse zote mbili kwa pamoja, mimi moja, Papa Asumani nyingine. Lifoko alimpa Mavungu shati la mvuvi, akamvusha mto kwa mtumbwi, yeye mwenyewe akipiga kafi. Huko kwao karibu na Isangi alimficha kwa shangazi zake hadi vita vilipopita. Nimesikia Mavungu alijifunza kutega samaki, vibaya.

Baadaye jeshi lilirudi, maofisa wapya walikuja, na wapya nao waligawanyika, safari hii kati ya waliosoma huku na waliosoma kule. Nilishona. Papa Asumani alifariki akiwa na mkasi mkononi na suruali ya mtu mezani, tuliimaliza. Nilichukua kiti chake, nikawapokea ninyi mmoja baada ya mwingine, na wengi wenu mlikuja na mkasi wa kanzu. Kazi nyingi ngumu zilipita hapo, lakini iliyokuwa ngumu kuliko zote ilikuwa ndogo, na nitawaambia ndipo niweke kalamu chini.

Vita vilipotulia, mama yake Augustin alikuja kutoka Kabondo. Mwili wa mtoto wake haukupatikana, na ukoo ulikuwa umeamua kuzika nguo. Lakini nyumbani hawakuwa na nguo yake ya kikazi hata moja. Aliomba nimshonee. Sikuhitaji kumpima, nilijua mabega yake. Nilikata kaki nzuri tuliyokuwa tumeificha, nikashona shati na suruali, nikaweka vifungo, nikapiga pasi. Nilimuuliza niweke galon ya kaporali, au niweke ya sajini, maana nani angenikatalia?

Mama alipitisha mkono juu ya ile suruali, akageuza ndani na nje kama anayenunua sokoni.

"Galon weka ile unataka, mutoto wangu," alisema. "Lakini mifuko ni mifupi. Augustin alikuwa anatembea mikono mufukoni, hata kanisani. Shona mifuko mirefu, mikono ipate kuingia yote."

Nilifumua, nikashona upya. Alingoja kwenye benchi. Tangu siku hiyo, suruali zote zilizotoka mikononi mwangu zina mifuko mirefu kuliko kanuni inavyosema, na maofisa wa ukaguzi walinigombeza kwa miaka mingi. Wakiwagombeza na ninyi, semeni "mm", na msipunguze.